Mtoto Mwenye Ulemavu na Mshahara wa Mzazi



Katika matawi yetu wapo wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu: wenye mtindio wa ubongo, wasiosikia, wenye kifafa kikali, na waliozaliwa na mgongo wazi au kichwa kinachojaa maji. Mara nyingi hatuwajui kwa sababu hawasemi. Tunawajua siku wanapopewa barua ya onyo kwa utoro, au mama anapoacha kazi. Leo tunazungumzia jambo hilo, kwa maana nalo ni suala la mshahara.

Watu wakisikia gharama za mtoto wa namna hii hufikiri dawa tu. Kuna nauli pia. Mzazi wa Arua anayempeleka mtoto Hospitali ya CURE mjini Mbale, inayotibu mgongo wazi na kichwa kujaa maji, anavuka nchi karibu yote. Kuna nepi za mtoto wa miaka kumi. Kuna kiti cha magurudumu, ambacho mtoto akikua hakimtoshi tena. Lakini gharama kubwa kuliko zote haina risiti, nayo ni mshahara wa yule anayelazimika kubaki nyumbani. Nyumba iliyokuwa na mishahara miwili hubaki na mmoja, wakati matumizi yameongezeka.

Tutazame sheria za hapa Uganda. Sheria ya Ajira ya 2006 iliweka likizo ya siku 7 kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Mama alipewa siku 60 za kazi kwa ajili ya uzazi, na baba siku 4. Malipo ya ugonjwa yaliwekwa kwa mfanyakazi anayeugua mwenyewe, si kwa anayeuguza mtoto. Sasa fanyeni hesabu. Mtoto anayetakiwa kufika kwenye mazoezi ya viungo kila baada ya wiki mbili anahitaji siku 26 kwa mwaka. Likizo yote imekwisha, mzazi hajapumzika hata siku moja, na bado zimepungua siku 5.

Katika NSSF, mwajiri hutoa asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yalimruhusu mwanachama mwenye ulemavu, aliyefikisha miaka 40 na kuweka akiba miaka 10, achukue hadi asilimia 50 ya akiba yake mapema. Hilo ni jema. Lakini linamhusu mwanachama aliye mlemavu mwenyewe. Mzazi wa mtoto mlemavu husubiri miaka 45 kama wengine, na hapo huruhusiwa asilimia 20 tu.

Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011 kulipa fedha kwa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Kiwango kilikuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizo ni chache na zimewahi kuchelewa, lakini nyumba ina haki ya kuzidai. Afrika Kusini, chini ya sheria ya 2004, mzazi au mlezi wa mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye ulemavu mkubwa hulipwa ruzuku kila mwezi. Mwaka 2024 ilizidi randi 2,000. Hata mzazi aliyeajiriwa huipata, mradi kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa. Uganda nayo iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 28 kinataka familia maskini zisaidiwe na serikali katika gharama za ulemavu. Kwa hiyo tukidai, hatuombi sadaka.

Wengine watasema meneja wetu ni mtu mwema, tutaelewana naye. Katika tawi letu moja mama mmoja alielewana hivyo na meneja, akawa anapewa siku mbili kila mwezi bila kukatwa. Meneja akahamishwa. Aliyefuata akauliza karatasi iko wapi, na karatasi haikuwapo. Mama akaanza kukatwa, na mwezi wa nne akaacha kazi. Michango yetu ya kazini ni mizuri, lakini hutolewa mara moja, na mtoto anahitaji matunzo kila mwezi.

Kwa hiyo tunashauri kila tawi lipeleke mambo haya katika mazungumzo ya mkataba na mwajiri:

1. Siku za ruhusa zenye malipo kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, mbali na likizo ya mwaka.
2. Matibabu ya familia yanayolipwa na mwajiri yahusu pia mazoezi ya viungo na vifaa vya kutembelea.
3. Mzazi huyo asibadilishiwe zamu bila kupewa taarifa mapema.

Serikali nayo tuidai posho ya kila mwezi kwa mtoto anayehitaji uangalizi wa wakati wote.

Nanyi wazazi, msiwafiche watoto. Mwandikisheni mtoto katika faili lako la kazi, tunza kadi ya kliniki na barua ya daktari, na umwone katibu wa tawi kabla ya barua ya onyo kufika. Chama hakiwezi kumtetea mtoto ambaye jina lake halijaandikwa popote.

Umoja ni nguvu.