Ondoa Maji Bombani Kabla ya Barafu

Huku Minnesota, Oktoba ikiingia, sisi wenye karavani tuna kazi isiyongoja: kukausha mabomba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakikosa nafasi hupasua koki, viungio na pampu. Ufa wenyewe hujificha mpaka barafu iyeyuke, ndipo sakafu inapolowa.

Mimi natumia upepo wa kompresa, uleule wa kujazia matairi. Ila koki ya plastiki na valvu ya choo hazina uimara wa tairi, kwa hiyo naweka regyuleta kwenye psi 40 kabla ya kuunganisha mpira, na sivuki 50. Usipandishe geji ili umalize haraka. Kinachosukuma maji ni hewa nyingi inayopita mfululizo. Pampu ndogo ya tairi yaweza kufika psi 40 na bado ikashindwa, kwa kuwa hewa yake ni haba.

Anza na hita. Zima gesi na umeme, iache ipoe kabisa, inua valvu ya usalama shinikizo litoke, ndipo ufungue kizibo cha chini. Ukiwahi, maji ya moto yatakurukia usoni. Kisha geuza valvu za kuipita hita, toa vichujio, mwaga tangi.

Adapta ya kompresa hufungwa pale unapoingizia maji kutoka nje. Kabla ya kuachia hewa, fungua koki moja, ya mbali kuliko zote, ili shinikizo lisijikusanye. Sikiliza: maji hutoka yakikohoa, yanageuka rasharasha, halafu inabaki hewa kavu. Maliza upande wa baridi na wa moto, ndipo uende koki inayofuata. Usisahau choo, wala bomba la kuogea la nje. Fungua pia matundu ya chini ya kumwagia maji.

Maji yaliyolala kwenye kona ya bomba chini ya sinki hayatoki kwa upepo. Humo mimina dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, yenye propilini glikoli. Ile ya rejeta ya gari iliyo na ethilini glikoli ni sumu, usiiweke kabisa.

Ukimaliza, rudia mzunguko mzima. Maji ya bomba moja huweza kusogea kwenye lile ulilokwisha kulikausha, na hayo machache ndiyo yanayopasua koki.