Ndigana kali: mkague ng'ombe leo, usingoje aanguke

Wafugaji wengi wa Rubavu wanaujua ugonjwa huu kwa jina la Kinyarwanda, ikibagarira. Kwa Kiswahili unaitwa ndigana kali. Huletwa na kupe, na unaweza kumuua ng'ombe wa maziwa ndani ya wiki tatu au nne tangu aambukizwe.

Ng'ombe mmoja akifa, nyumba inakosa maziwa, samadi na pesa za shule. Kwa familia iliyopewa ng'ombe kupitia Girinka, mpango ulioanza mwaka 2006, hasara inafika hadi kwa jirani, kwa sababu ndama jike wa kwanza hupewa familia nyingine. Na wewe mkimbizi unayechunga au kukatia majani ng'ombe wa mwenyeji wako, mara nyingi ndiwe wa kwanza kuona dalili. Makala hii ni yenu wote.

Ugonjwa unaingiaje?

Anayeuleta ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni. Ndani yake mna kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kupe huyu hunyonya damu mara tatu maishani, na kila mara hushuka chini na kupanda mnyama mwingine. Akiwa mchanga hunyonya kijidudu kwa ng'ombe mwenye maambukizi; akikua na kupanda ng'ombe mwingine, anamwambukiza.

Kuna jambo linaloweza kukusaidia: kwa kawaida kupe hamwambukizi ng'ombe mara tu anapomuuma. Kijidudu huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya kupe anayenyonya. Ukimtoa mapema, umeuziba mlango.

Dalili za kuangalia

- Tezi zilizovimba chini ya sikio, kisha mbele ya bega. Papasa kwa mkono kila siku.
- Homa kali, kukosa hamu ya kula, maziwa kupungua.
- Kukohoa na kuhema kwa shida. Povu likianza kutoka puani, umechelewa sana.

Ng'ombe wa kigeni kama Friesian, chotara na ndama ndio wanaokufa zaidi. Ng'ombe wa kienyeji waliozoea kupe huvumilia zaidi. Ng'ombe aliyekulia kwenye baridi ya milimani, ambako kupe ni wachache, anakuwa hatarini akishushwa sehemu zenye joto zaidi, kwa kuwa mwili wake haujauzoea ugonjwa.

Ufanye nini?

*Mkague kila siku.* Angalia ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja. Usimpasue kupe kwa vidole, maana kupe wengine wana magonjwa yanayoambukiza watu. Mtie kwenye chombo chenye dawa ya kuua kupe au mchome moto.

*Nyunyizia dawa kwa ratiba* aliyokupa daktari wa mifugo, na pima kama kibandiko kinavyosema. Ukiongeza maji ili dawa itoshe ng'ombe wengi, kupe dhaifu watakufa na sugu watabaki kuzaana. Vaa glavu. Usioshe bomba ziwani Kivu wala mtoni, kwa sababu dawa hii huua samaki. Chupa tupu isitumike kuwekea maji ya kunywa.

*Ita daktari wa mifugo wa sekta siku hiyo hiyo* unapoona tezi na homa. Wengi hununua oksitetrasiklini na kuchoma sindano wenyewe. Dawa hiyo haiponyi ndigana kali ikishaonyesha dalili. Inakupotezea siku tu. Inayoponya ni buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Uliza pia ni siku ngapi hamtakiwi kunywa maziwa wala kula nyama ya mnyama aliyetibiwa.

*Ulizia chanjo.* Ipo chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi. Ng'ombe huchomwa mara moja na hupata kinga ya muda mrefu. Huhifadhiwa kwenye baridi kali sana, hivyo ni rahisi zaidi wafugaji wakijiandikisha kwa kikundi.

Ng'ombe mgeni

Ng'ombe aliyepona ndigana kali anaweza kuonekana mzima kabisa huku akibaki na kijidudu kwenye damu. Kupe wakimnyonya, wanapeleka ugonjwa kwa wengine. Kwa hiyo usinunue wala kuvusha ng'ombe mpakani kwa njia za panya. Anayefika kwa njia halali akaguliwe na daktari, anyunyiziwe dawa, na atengwe kwanza kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Ndigana kali haiambukizi binadamu, basi usiogope kumgusa mnyama mgonjwa. Jioni hii, kabla ya kukamua, pitisha mkono chini ya masikio yake. Ukikuta uvimbe, piga simu leo.