Je, wajua? Taa asiyoiona mwenyewe

Taa ya breki ya pikipiki iko mgongoni kwa mwenyewe. Ikizimika, mtu anaweza kuzunguka Muscat, Ruwi hadi Seeb, wiki nzima bila habari, na wa kwanza kujua ni dereva wa gari la nyuma, tena akiwa keshachelewa.

Muscat, mji wa majumba meupe, ina kipimo chake. Usiku, rudisha pikipiki kinyumenyume hadi mkia ubaki hatua moja na ukuta. Washa, geuza shingo. Bana breki ya mkono: wekundu ukutani uongezeke. Achia. Kanyaga ya mguu: uongezeke tena. Kila breki ina swichi yake, lakini globu zinayoiwasha ni moja.

Ya mkono ikiwasha na ya mguu isiwashe, usiiguse globu. Ni nzima, na fyuzi nzima. Tazama karibu na pedali: pana springi nyembamba inayovuta kijiti ndani ya kidude cha plastiki, na humo shaba mbili hugusana. Springi ikilegea, zungusha nati ya plastiki ili swichi ipande kidogo. Ukizidisha, taa itawaka moja kwa moja, na taa isiyozimika haimwambii kitu aliye nyuma. Bado kimya? Chomoa waya zake mbili, uziunganishe kwa kipande cha waya. Taa ikiwaka, swichi imekufa.

Zote mbili zikikataa, fungua kava nyekundu. Pikipiki nyingi zina globu ya nyuzi mbili katika kioo kimoja: uzi wa wati 5 wa taa ya usiku, na wa wati 21 wa breki. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Ule mdogo unawaka, mtu anasema taa yangu nzima, kumbe mkubwa ulikatika zamani. Inua globu mwangani, utauona. Ukiirudisha, angalia vipini viwili ubavuni: havilingani kimo, kwa makusudi, isiingie kinyume.

Nyuzi zikiwa nzima, shuku chumvi. Hewa ya pwani hii ni nzito. Quriyat, wilaya ya mkoa huu huu wa Muscat, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzijoto 42.6 hata usiku. Kwa joto hilo mpira wa kava hukauka, unyevu wa chumvi hupenya, shaba ya ndani huota kutu ya kijani. Kutu hiyo haifungi njia kabisa, inaibana. Uzi wa wati 5 hautaki hata nusu ampea, unapita. Wa wati 21 unataka karibu 2, unakwama. Ndiyo maana breki hutangulia kufifia.

Dalili nyingine naiona ya ajabu kila mara: unakanyaga breki, taa ya usiku inanywea na indiketa zinamulika kidogo. Ethi, yaani waya wa kurudishia umeme, imeharibika, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa za jirani. Fuata waya wa ethi hadi bolti yake kwenye chesi, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza.

Waliohamia LED wana faida moja kubwa. Uzi wa kawaida huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kupata moto. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari la nyuma limeshakwenda zaidi ya mita 5. LED huwaka papo hapo.

Ukimaliza, rudi ukutani. Mkono, halafu mguu.