Krem ya mikunjo ikichoma sura, majani gani yanatuliza?

Ile siku yaya yangu alinifungulia mlango kitambaa kikifunika sura yote, nikafikiri kuna msiba. Kumbe ni haya. Majirani hapa Bukavu walikuwa wameanza kusema anajikoroga awe mweupe. Hapana. Ana miaka 44, alinunua krem ya retinol ya kupunguza mikunjo. "Minapakaaka asubui na mangaribi," akaniambia, "juu itumike mbio." Sura ilimuwaka sawa pilipili, ngozi inabanduka pembeni ya pua.

Mimi nilisoma kemia, basi nieleze kwanza kilichotokea. Retinol ni aina ya vitamini A. Ngozi inaigeuza kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo njo inafanya kazi: inaharakisha seli kujibadilisha na inasaidia kutengeneza kolajeni. Lakini wiki za kwanza ukuta wa juu wa ngozi unalegea. Maji yanatoka, vitu vya kuchoma vinaingia. Mara nyingi hiyo haiko alerji, ni kipimo kimezidi. Kinachohitajika ni kiasi cha punje moja ya petipwa, usiku, kwa sura nzima. Yaya alikuwa anapakaa sawa mafuta ya mwili.

Jirani mmoja akamletea jani la alovera, akalikata, akampakaa vyote. Ikauma zaidi! Chini tu ya ganda la alovera kuna utomvu wa manjano wenye aloini, na huo unawasha. Kinachotuliza ni ule utelezi wa katikati usio na rangi. Njo tofauti kati ya jani na dondoo: anayetengeneza dondoo nzuri anachagua sehemu, anatoa kinachodhuru, anajua kipimo. Jani la nyuma ya nyumba halina kipimo, na juu ya ngozi iliyopasuka linaweza kuingiza vijidudu.

Mmea ninaouamini zaidi ni avwani, ile nafaka ya uji. Ikisagwa laini kabisa inashika maji juu ya ngozi, na ndani yake kuna avenantramidi zinazopunguza muwasho. Marekani iliiweka kati ya vikinga-ngozi vinavyokubaliwa mwaka 2003. Wa pili ni Centella asiatica, kimajani cha duara kinachotambaa pahali pa maji maji. Moja ya viini vyake, madekasosidi, jina lake linakumbusha Madagaska. Chai ya kijani pia inasaidia kidogo, na inatoka kwa mti ule ule wa chai wa mashamba yetu ya Kivu. Kamomili ni nzuri, ila kuna watu inawaletea alerji, basi jaribu kwanza ndani ya mkono. Ndimu, kamwe. Mafuta yenye harufu kali, hapana, hata kama chupa imeandikwa "ya asili".

Tena kuna kitu kinachonikasirisha. Yaya alishapewa na rafiki tube ya kortikoidi, kwa sababu "inatuliza siku mbili tu". Ni kweli inatuliza. Ukiizoea bila dokta, inapunguza unene wa ngozi, kisha ukiiacha uwekundu unarudi na nguvu. Nikaitoa pale mezani.

Tulifanya hivi: retinol akaacha wiki mbili. Maji ya uvuguvugu, hakuna kusugua, krem ya avwani isiyo na harufu mara mbili kwa siku. Kuwaka kukaisha, akaanza tena usiku mbili kwa juma, krem ya kutuliza chini, retinol juu, na asubui krem ya kukinga jua. Dada zangu wenye mimba ao wanaoitafuta, nyinyi retinol muiache kabisa. Na ukiona malengelenge, ao macho yakivimba, hapo hakuna majani: nenda kwa dokta.

Jana yaya alinitumia picha, kitambaa kiko kichwani, sura iko wazi. Chini yake akaandika: "Sasa naweza pakaa na asubui?" Nikamujibu hapana.