Kuchagua Chujio la Bomba la Maji

Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Shinyanga husafishwa kwanza Ihelele, wilayani Misungwi, katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Kama yameshasafishwa huko, kwa nini fundi anayeunga maji kwenye nyumba ya Ibadakuli aweke tena chujio kabla ya dira? Sababu ni bomba lenyewe. Njiani maji huokota kutu, mchanga ulioingia bomba lilipopasuka, na vipande vya plastiki vilivyobaki bomba lilipokatwa kwa msumeno. Vikifika kwenye dira huikwamisha. Vikifika kwenye pampu hukwaruza mapanga yake. Chujio hukamata vitu hivyo tu. Haliui vijidudu wala haliondoi chumvi iliyoyeyuka, kwa hiyo usiandike kwamba "linafanya maji yawe salama kunywa".

Ukiulizwa chujio lipi linafaa, usikimbilie lenye matundu madogo kuliko yote. Watahiniwa wengi huanguka hapo. Anza na kifaa kinacholindwa: punje ya ukubwa gani inaweza kukidhuru? Chagua tundu dogo kidogo kuliko punje hiyo, basi. Wavu hutajwa kwa namba, yaani idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja. Wavu namba 40 una matundu 40. Usigawe milimita 25.4 kwa 40 ukaandika 0.635 kuwa upana wa tundu, maana waya nao una unene. Tundu hubaki na milimita 0.4 hivi.

Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni eneo lililo wazi. Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani cha sm 5. Eneo lake ni 3.14 × 2.5 × 2.5 = sm² 19.6. Wavu wake una sm² 100, ila asilimia 40 tu ndiyo matundu, yaani sm² 40, kama mara mbili ya eneo la bomba. Nusu ya matundu ikiziba hubaki sm² 20, na maji bado hupita vizuri. Ikiziba asilimia 80 hubaki sm² 8. Ujazo uleule ukilazimishwa kupita hapo, kasi huwa mara 20 ÷ 8 = 2.5 ya ile ya wavu ulioziba nusu. Kanieneo, yaani presha, inayopotea hufuata takriban mraba wa kasi: zaidi ya mara 6.

Wavu ukiziba kabisa na tofauti ya kanieneo kati ya pande zake ikawa kPa 50, nguvu inayousukuma ni F = P × A = 50,000 × 0.01 = N 500. Huo ni uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50! Wavu dhaifu hupasuka, na uchafu wa miezi yote hukimbilia kwenye dira kwa mkupuo mmoja.

Kwa nyumba, chujio la umbo la Y latosha: ni dogo na bei yake ni nafuu. Penye uchafu mwingi tumia la kikapu. Mgodi unaofanya kazi usiku na mchana, kama ule wa Geita, hauwezi kufunga maji kila mara ili kuosha wavu, hivyo hufaa vikapu viwili sambamba, kimoja kikioshwa kingine kikifanya kazi. Lakini angalia mtego: katika bomba la tope la mawe yaliyosagwa, punje ndizo zinazosafirishwa. Chujio humo litasimamisha kazi yenyewe.

Upande wa kuvuta wa pampu, weka matundu makubwa. Kanieneo ikishuka mno hapo, viputo vya mvuke hujitokeza ndani ya maji na kula mapanga ya pampu.

Ukichora chujio la Y kwenye bomba la maji lililolala, mguu wake uelekee chini ili uchafu utulie humo, mshale ufuate mwendo wa maji, na koki ziwe pande zote mbili ili wavu utolewe bila kumwaga maji ya mtaa mzima.