Frigo Mpya Isiyopoza: Hasara ni ya Nani?

Katika miji yetu ya Katanga, kuanzia Lubumbashi hata Likasi na Kolwezi, frigo haiingii nyumbani kama kikapu cha muhogo. Mama ametoa fedha zake za likelemba mwezi kwa mwezi, baba ameongeza sehemu ya mshahara, na jamaa nzima imekwisha kupanga matumizi: samaki watahifadhiwa, maji ya baridi yatauzwa mlangoni, na karo ya watoto itapatikana humo. Chombo chaletwa, chatiwa umeme, changuruma siku mbili. Siku ya tatu samaki wanaoza ndani yake.

Baba achukua karatasi ya malipo, ile tuiitayo fakture, arudi dukani. Mwenye duka hana haja ya kubishana. Amwonyesha tu mstari mdogo uliopigwa chapa kwa Kifaransa chini ya karatasi ile, usemao kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Baba ausoma, aomba radhi kwa usumbufu, aenda zake. Wako wengi wa namna hiyo, watu wazima na wenye elimu, walioacha fedha zao dukani kwa ajili ya mstari mmoja wa matbaa. Nasema wazi: wameondoka upesi mno.

Sheria inayotawala kuuza na kununua katika Kongo ni ya zamani kuliko babu zetu. Ni dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, iliyotolewa siku za Leopold II kwa kufuata Sheria ya Raia ya Wafaransa ya mwaka 1804, nayo ingali ikitumika. Humo muuzaji amefungwa na dhamana ya kasoro zilizofichika, yaani zile ambazo mnunuzi hakuweza kuzitambua mwenyewe, nazo zakifanya chombo kisifae kwa kazi yake, au kifae kidogo hata mnunuzi, kama angalijua, asingalikinunua, au angalitoa bei ndogo zaidi. Mlango uliobonyea ni jambo jingine. Huo macho yaliuona, na anayeupokea kimya ameukubali.

Kasoro ya siri ikithibitika, uchaguzi ni wa mnunuzi: arudishe chombo na kurudishiwa bei, ama akiweke na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji hawezi kujitetea kwa kusema hakujua. Kama kweli hakujua, atarudisha bei pamoja na gharama za ununuzi. Kama alijua akanyamaza, atalipa pia hasara zote zilizofuata, na wale samaki wamo.

Na ule mstari wa chini, je, hauna nguvu? Unayo, lakini si ile anayoidai mwenye duka. Wamzuia mtu aliyebadili nia, ambaye kesho yake ameona frigo nyingine yenye rangi nzuri zaidi. Ni kweli pia kwamba sheria yamruhusu muuzaji asiyejua kasoro kupatana na mnunuzi kwamba hatadhamini chochote. Lakini mapatano ni ya watu wawili. Maneno ya herufi ndogo, yanayotolewa baada ya fedha kuingia sandukuni, kwa lugha ambayo mama wengi hawaisomi, mimi siwezi kuyaita mapatano. Na yule aliyejua kasoro hawezi kujificha nyuma yake hata kidogo.

Wengine watauliza juu ya sheria za OHADA, ambazo nchi yetu ilizipokea mwaka 2012. Kanuni zake za mauzo ni za wafanyabiashara wao kwa wao. Mwenye duka anunuaye frigo kumi ili aziuze tena atazifuata hizo. Baba wa jamaa abaki na dekreti yake ya 1888.

Hapa yafaa tuwakumbushe Wakristo walio upande wa pili wa meza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, aligusa jambo hili katika swali la 77 la sehemu ya pili ya pili. Afundisha kwamba auzaye kitu chenye kasoro kwa kujua atenda dhambi ya udanganyifu. Asiyejua hana dhambi. Lakini siku atakapojua, amepaswa kumfidia mnunuzi. Tazameni jinsi teolojia ya karne ya 13 na dekreti ya 1888 zinavyokutana! Wala si ajabu, kwa maana zote mbili zimekunywa katika kisima cha Warumi, ambao mahakimu wao wa soko waliwalazimisha wauza watumwa na wanyama kutangaza kasoro za walichouza. Basi mfanyabiashara akaaye benchi la mbele kanisani asidhani kwamba fedha za frigo iliyokufa ni faida halali kwa sababu tu mnunuzi alikuwa mpole.

Lakini tuwe wenye haki kwa pande zote. Jibu la muuzaji ambalo lina uzito ni jingine: “Mama, frigo yangu ni nzima, umeme wa kwenu ndio ulioiua.” Nalo laweza kuwa kweli. Mashine hizi zimetengenezwa kwa umeme wa volti 220 hivi. Saa za jioni, mtaa mzima ukipika kwa umeme, volti zaweza kushuka sana; hapo kompresa huvuma bila kuweza kuanza, hupata moto, na mwisho huungua. Umeme ukikatika na kurudi kwa ghafula, hudhuru vilevile. Na kwa kuwa adaiye ndiye athibitishaye, jamaa isiyo na ushahidi itashindwa. Kwa hiyo fundi apime volti kwenye plagi ile ile, mbele ya mashahidi, aandike kipimo, saa na tarehe. Kisha frigo ijaribiwe mahali penye umeme mzuri, na dukani penyewe ikiwezekana. Isipopoza hata huko, hilo ni neno zito, ingawa muuzaji aweza bado kudai kwamba iliharibikia kwenu. Ndiyo maana aliyeiweka tangu siku ya kwanza kwenye stabilizata ana kinywa kipana zaidi.

Fundi huyo apime tu, asifungue. Jirani mwenye bisibisi, hata awe na moyo mwema namna gani, akikata mfereji wa gesi ameharibu ushahidi wenyewe.

Kuna pia makosa ya njiani. Mizigo yetu mingi yapita Kasumbalesa, na itokayo bandari ya Dar es Salaam imekwisha kwenda karibu kilomita 2,000 barabarani. Frigo ikilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka katika mifereji yake; ikitiwa umeme papo hapo, yaweza kuharibika. Ikifika, isimamishwe na kuachwa saa kadhaa, na iliyolazwa muda mrefu ni heri ingoje siku nzima. Mfungue karto mbele ya waliileta, na mtu asitie sahihi kabla ya kutazama pande zote. Kama pana alama ya kugongwa, iandikwe kwenye hati ya kupokea, juu ya sahihi. Waleta mizigo watanung'unika kwamba wana haraka, waacheni wanung'unike.

Fakture, hati ya garanti, karto, na ujumbe wa simu wa M-Pesa au Airtel Money kama mlilipa kwa njia hiyo, vikae pamoja. Hati ya garanti mara nyingi hutaja kurekebishwa kwanza, nayo si mbaya kuijaribu, lakini isiwe njia ya kuwazungusha wiki baada ya wiki. Sheria haikutaja idadi ya siku. Yasema shauri lipelekwe katika muda mfupi, kwa kadiri ya kasoro na desturi ya mahali. Kwa frigo, mimi nahesabu siku, si miezi.

Muuzaji akikataa, wako wa Tume ya Haki na Amani, ambao katika parokia nyingi huketi na pande mbili bila malipo. Na nyuma yao iko Tribinali ya Amani. Lakini kabla ya hayo yote iandikwe barua, nakala mbili, kwa maneno machache na ya adabu: “Bwana, frigo niliyonunua kwenu tarehe fulani, yenye namba hii iliyoandikwa mgongoni mwake, haipozi tangu tarehe fulani. Umeme umepimwa na fundi, kipimo chake ni hiki. Naomba mje mwichukue na kunirudishia bei yake.” Nakala moja yabaki dukani, ya pili yarudi nyumbani, ikiwa na tarehe na mhuri wa duka.