Somo la Redio: Mjue Fundi wa Umeme Kabla ya Kumpa Kazi

Leo nasema hasa nanyi wa Migato, wilayani Itilima, na wa vijiji vingine vya Mkoa wa Simiyu ambako nguzo za umeme zimefika. Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ilikuwa shilingi 27,000, na wengi walidhani kwamba gharama zimeishia hapo. Sivyo. TANESCO huleta umeme mpaka kwenye mita. Nyaya za ndani ni mali yako, na fundi wa kuzitandaza unamtafuta mwenyewe, kwa fedha yako.

Basi, pamba ikisha kuuzwa, hufika mtu juu ya pikipiki, koleo mfukoni, akasema yeye ni fundi. Pengine ni fundi kweli. Pengine ni yule ambaye watu humwita kishoka. Kwa macho hutaweza kuwatenganisha, maana wote wawili wanaweza kuwasha taa.

Lakini taa kuwaka si ushahidi wa kazi njema. Taa huwaka hata pale ambapo hapana waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Waya huo umefungwa kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini. Umeme ukivuja na kuingia katika chuma cha pasi au cha jokofu, hupita njia hiyo kwenda ardhini, na kifaa cha kukata umeme hujizima. Waya huo usipokuwapo, chuma hubaki na umeme kimya kimya, mpaka mtu aliyesimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji atakapokishika. Fundi wa kweli huipima kazi yake kwa mita ya mkononi kabla ya umeme kuingizwa. Kishoka hana hata hiyo mita.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeiweka kazi hii chini ya leseni, na mwenye kuitoa ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Cheti cha VETA ni kitu chema, lakini huonyesha kwamba mtu amesoma, si leseni. Leseni ya biashara ya halmashauri nayo si hiyo. Na shati lenye jina la TANESCO, hilo hata mnadani hupatikana.

Mwombe leseni yenyewe. Tazama jina, namba, tarehe ya mwisho, na daraja. Madaraja huitwa kwa herufi: A ni la juu, kwa umeme wa nguvu yoyote, na D ni la kazi ndogo za njia moja, kama nyumba nyingi za kuishi. Mwenye mashine ya kusaga ya njia tatu asimpe kazi mtu wa D. Kisha mwombe kijana mwenye simu ya intaneti alitafute jina hilo katika orodha ya EWURA.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jambo moja, maana hapa hata watu waangalifu hunaswa. Ombi lako la umeme huambatana na mchoro wa nyaya, wenye saini na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Kishoka anajua hivyo. Basi hutandaza nyaya mwenyewe, kisha huenda kuazima muhuri kwa mtu wa mjini ambaye hajapata kuiona nyumba yako. Karatasi ni halali, kazi si halali. Kwa hiyo usiulize tu, "Leseni iko wapi?" Uliza, "Jina lililo kwenye muhuri ni la nani, naye atakuja lini kuikagua kazi?"

Uliza pia habari za kazi zake za nyuma. Akutajie nyumba tatu alizotandaza nyaya, uende ukawaulize wenyewe: nani alitia saini mchoro? Je, ombi lilirudishwa? Swichi zinapata moto? Ukipita Bariadi, ingia ofisi ya TANESCO uulize kama mkandarasi huyo anajulikana.

Najua ni vigumu kumwuliza shemeji yako maswali haya. Mwambie, "Shemeji, sikushuku, ila karatasi hizi zitatakiwa na ofisi." Fundi mwenye leseni hachukii, aliitafuta kwa jasho na hupenda kuionyesha.

Juu ya malipo, mwandikiane mbele ya shahidi. Toa fedha ya vifaa kwanza, nawe udai stakabadhi za dukani. Sehemu ya mwisho ya ujira ibaki mkononi mwako mpaka mwenye leseni amefika, amepima mbele ya macho yako, na ametia saini.